Ng'ombe wa Ushuru wa Sukari

Ijumaa, 7 Novemba

Kanisa tangu asubuhi, maana huku Doha ibada ni Ijumaa. Nimerudi nikapiga pasi yunifomu, nikala wali na Nanjala. Tunalala chumba kimoja, na kwao ni kijiji kimoja na wakwe wa mwanangu. Leo amenipa habari ya mlinzi fulani wa Lusail ana mabibi wawili, wote wako Doha hii hii, na hawajuani! Nimecheka mpaka machozi. Halafu mwanangu Simiyu akapiga simu, kicheko kikaisha. Chifu amewaambia wakulima wa miwa ati ile pesa ya ushuru wa sukari ya nje, ile serikali ilitugawia yenyewe, iligawiwa vibaya. Turudishe. Turudishe na nini? Ilinunua ng'ombe wawili, na hao wawili walienda kwa baba ya Nekesa, bibi ya Simiyu, kama mahari. Asiyelipa atachukuliwa mali.

Jumapili, 9 Novemba

Sijalala vizuri. Kazini mashuka ya hoteli leo kama mlima. Kwetu Wabukusu ukiitisha ng'ombe wa mahari warudi, umemfukuza bibi. Hivyo tu. Na Nekesa ana mimba kubwa. Huyo msichana nampenda kuliko Simiyu, Mungu anisamehe. Nilimwambia Simiyu, "Usithubutu kwenda kwa baba yake. Ukienda, nakuja na ndege nikuchape."

"Mama, ndege ya nani?"

Mjinga.

Jumanne, 11 Novemba

Kuna mswada bungeni! Mheshimiwa wetu anataka pesa iliyokwisha gawiwa wakulima isidaiwe tena. Wakitaka kubadilisha, wabadilishe ugawaji wa mbele. Nimempenda huyo mtu, hata kama anatujua wakati wa kura tu. Nimechungulia simu mpaka mudiri, meneja wetu, akaniuliza kama ni simu imeniajiri. Nimemweleza Nanjala yote. Yote, hata ya ng'ombe. Mdomo wangu ukianza hausimami.

Alhamisi, 13 Novemba

Umepita! Nimesikia kwa redio ya simu. Nimetuma sauti kwa grupu la kina mama wa miwa, nimepiga vigelegele ndani ya chumba cha kufulia. Wenzangu Wafilipino walidhani nimeshinda gari.

Ijumaa, 14 Novemba

Haujapita. Umesomwa mara ya pili, bado ya tatu. Nani alijua wakubwa wanasomeshwa kitu kimoja tena na tena kama darasa la kwanza? Mimi shule niliacha mapema. Grupu wananichoma. "Mama Simiyu, hizo vigelegele nazo urudishe!" Hapo nimecheka kidogo.

Lakini kuna mbaya zaidi. Nanjala alimwambia dada yake, dada akaenda kumwambia baba ya Nekesa kwamba ng'ombe wake wanadaiwa na serikali. Mzee amewaswaga mwenyewe mpaka kwangu huko kijijini, akawafunga hapo nje. Akasema, "Sitaki mali ya kesi. Msichana wangu arudi nyumbani."

Nanjala sijamsemesha. Lakini yeye amekosa nini? Ni mimi nilisema. Nimelia chooni.

Jumatatu, 17 Novemba

Nekesa amekataa kuondoka. Baba yake hachukui simu. Nimevunja glasi mbili kazini.

Alhamisi, 27 Novemba

Umepita, na rais ametia sahihi. Safari hii niliuliza watu kwanza. Iliyokwisha gawiwa haidaiwi. Simiyu alikuwa anapiga kelele za furaha, mimi nikamuuliza, "Na ng'ombe wako wapi?" Bado kwangu.

Jioni akapiga tena. Nekesa hakungoja mtu. Na tumbo lake hilo, amechukua fimbo akawaswaga polepole mpaka kwa baba yake, Simiyu nyuma kama kibarua.

Mzee akamuuliza, "Umerudi?"

"Nimekuletea ng'ombe wako, baba. Kesi imekwisha. Mimi naenda kwangu, nimeacha maharagwe kwa moto."

Mzee akafungua geti, ng'ombe wakaingia.

Nanjala ananiuliza mbona natabasamu peke yangu. Nimemwambia chai ni tamu.