Maji ya Maua na Gari la Vipimo

Valea Cornului,
wiki ya pili baada ya Pasaka

Dada yangu mpendwa Glicheria,

Salamu nyingi zikufikie huko Italia, wewe na bibi mzee unayemtunza. Natumaini mgongo wako umepata nafuu. Sisi huku hatujambo, na mume wangu Costache amekwisha kupogoa mizabibu. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Kila neno unaligeuza mzaha.

Kabla ya Pasaka lilikuja gari la vipimo, likaegeshwa mbele ya kanisa, kutupima bure saratani ya mlango wa kizazi. Wanawake wakaacha kupaka nyumba chokaa, wakaenda kujiandaa. Unatujua. Nani aende kwa daktari mchafu? Tulichemsha maua, tukajiosha mpaka ndani, kama mama alivyotufundisha. Muuguzi, Bi Tamara, alipima wawili watatu, akasimama mlangoni akauliza nani ametutuma, maana tumeosha ule ule ute wa ndani aliokuja kuuchukua apime. Akatuomba turudi keshokutwa bila kujiosha ndani. Tulicheka, lakini wengi hawakurudi. Walisema aibu ya mara moja inatosha.

Jirani yetu Mama Paraschiva ndiye aliyewavunja moyo zaidi. Alisema yeye ni mjane wa siku nyingi, duka lilishafungwa, sasa wanataka kukagua bidhaa gani? Bi Tamara akamjibu kwamba kirusi kinacholeta ugonjwa huu hakijui kama mume amekufa. Hukaa kimya mwilini miaka na miaka, na kwa mvuta sigara ndipo hupata nguvu. Mama Paraschiva akasema basi ampe sigara moja. Watu wakaangua kicheko, naye akaenda zake.

Mimi nilirudi. Niliona haya, dada, kupanda lile gari vile nilivyokuwa. Majibu yakaja kwamba seli zangu zimeanza kuharibika. Nilikwenda hospitali ya mjini Iași, wakakata kipande, na daktari anasema wamewahi. Nililia sana, Costache naye. Nilikuficha kwa sababu ya woga tu.

Lakini si hilo lililonikalisha kuandika. Wakati wa Krismasi uliniambia, huku ukicheka, kwamba hedhi iliyokwisha kukoma imekurudia, umekuwa msichana tena huko ugenini. Nikacheka nawe. Juzi nilimsimulia Bi Tamara kama kichekesho. Hakucheka. Aliuliza umri wako, akauliza kama unavuta sigara, halafu akaniambia nisichelewe kukuandikia. Nikamkumbuka mama, dada. Naye alitokwa damu hivyo hivyo, akasema ni uchovu, na sisi tukamwamini mpaka tukamzika.

Costache anakusalimu sana. Tafadhali usinijibu kabla hujapimwa. Wakisema u salama, nipigie unitukane upendavyo. Wakisema vingine, panda basi uje nyumbani. Kitanda nimekwisha kukutandikia.

Mdogo wako akupendaye,
Safta