Akina Bukuru Niliowafuta kwa Wino Mwekundu

Gungu, Kigoma.

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza ambaye sijamwacha,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba huku ukinung'unika kwamba barua imechelewa. Imechelewa kwa sababu niliianza mara mbili nikaichana, kwa aibu utakayoisikia mbele. Mwili wangu ni mzima, homa haijanigusa tangu nishuke kwenye treni. Goti lako je? Ile dawa ya kuchua uliyoletewa na shangazi inasaidia, au unaipaka kwa kumridhisha tu? Nawe Baba mdogo Rajabu, unayemsomea Bibi, shikamoo. Nakuomba usome kama nilivyoandika. Hata pale nitakapojisema vibaya usiruke, maana nakujua kwa huruma zako.

Uliniuliza kama ziwa hili lina chumvi. Nililionja siku ya pili tu baada ya kufika. Nilishuka hadi ufukweni Ujiji, nikachota kwa kiganja nikanywa. Halina chumvi hata kidogo, Bibi, ni maji ya kunywa, ila ng'ambo huioni vizuri na mawimbi yanapiga kweli kweli. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa mchangani aliniona nimeinama, akaniuliza kama nimedondosha kitu. Nikamwambia naonja. Akamwita mwenzake aje aone mtu anayeonja ziwa.

Wewe wajua nilizaliwa na swali mdomoni. Basi huku maswali yananiokota njiani. Kwa nini wakimwamkia mtu mzima wanapiga makofi taratibu, viganja vimekutana, huku wameinama? Kwa nini mawese yao yanapaka vidole rangi mpaka kesho yake? Imekuwaje Muha mwenyeji wa hapa na Mrundi aliyekimbia vita wasikizane hivi, huyu na lugha yake na yule na yake, hata mgeni kama mimi asijue nani katoka wapi? Nauliza kila mtu. Kuuliza si ujinga, ulinifundisha wewe. Laiti ningeuliza na siku ile ninayotaka kukusimulia.

Kazi yangu uliicheka nilipoaga. Ulisema, "Mwanamume mzima, umesoma, halafu unakwenda kupima vitoto?" Ndiyo, Bibi, napima vitoto. Serikali ina mpango wa kuzisaidia familia zenye watoto wadogo. Tangu Warundi walipoanza kuvuka mpaka kwa maelfu kukimbia vita, chakula sokoni kimepanda, na watoto wanaokonda si wa kambi ya wakimbizi peke yao. Hata vijijini wanakonda, wa wenyeji na wa Warundi walioingia miaka ya nyuma wakajenga na kulima. Kila Jumatano tunakwenda kijiji kimoja upande wa Simbo. Tunatundika mizani kwenye boriti ya baraza, mtoto anavishwa kaptula ya turubai na kuning'inizwa kwenye ndoano, naye analia mpaka ng'ombe wa jirani wanageuka. Kadi yake ina mstari. Akiwa chini ya mstari, mama anapewa unga wa lishe na chupa ya mafuta. Akiwa juu, anapewa ushauri. Akina mama wanasema ushauri hauchemki chunguni.

Mimi ni karani, naandika daftari. Anayetibu ni nesi Felista, mwenyeji wa huku huku, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa. Mwezi ule Felista alikuwa likizo, amekwenda Kasulu kumuuguza mama yake, nami nikabaki peke yangu na mizani na cheo changu.

Ndipo msimamizi wetu wa mjini akaleta agizo: kuna wazazi wanawaandikisha watoto wale wale mara mbili, tukague madaftari. Bibi, nilifurahi kama niliyepewa bunduki nikalinde shamba. Nilikaa na daftari langu, nikalisoma mstari kwa mstari. Naona Bukuru na Butoyi, mapacha. Nashuka chini naona Bukuru na Butoyi, mapacha. Ukurasa wa pili, Bukuru na Butoyi tena. Umri wao umepishana miezi tu. Nikasema kumbe! Kuna mjanja mmoja hapa, ana mapacha wake, anawaandikisha leo kwa jina hili la ukoo na kesho kwa lile. Nikachukua kalamu nyekundu. Bukuru na Butoyi wa kwanza nikawaacha, waliofuata wote nikawapitishia mstari.

Jumatano ilipofika alitangulia Mama Bukuru mmoja, Muha, anakaa bondeni. Nikawapima wanawe, akachukua unga akaenda zake. Watu kama kumi baadaye akaja mwanamke mrefu, mwembamba, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Huyu ni Josefina. Nikafungua daftari, nikaona wino wangu mwekundu, nikamwambia watoto hawa wamepita hapa sasa hivi.

"Bwana karani, hawa ni wangu," akasema. "Nimewazaa mwenyewe."

"Hata aliyetangulia alisema hivyo hivyo. Mmeazimana watoto."

Wanawake wa nyuma wakaanza kupiga kelele. "Si wale! Wale ni wa Mama Bukuru wa bondeni!"

"Na huyu ni nani?"

"Na huyu ni Mama Bukuru!"

Nikacheka, Bibi. Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya watu. Kisha nikamwambia akirudia nitampeleka ofisini akajieleze. Nilikuwa namtisha tu, kama tunavyomtisha mtoto kwa fisi. Lakini yeye hakubishana tena. Alimfunga vizuri yule wa kifuani, akaondoka kimya kimya, na mimi nikajiona hodari.

Felista aliporudi, Josefina alikuwa amekosekana kliniki mbili. Felista alifunua daftari, akaona mistari yangu, akaniuliza, "Athumani, umewafuta akina Bukuru wote?"

"Nimewabaini," nikajibu, kifua mbele.

Alicheka mpaka akaegemea magunia. Akafuta machozi, akanieleza taratibu. Huku, Bibi, majina ya mapacha hayachaguliwi. Anayetangulia kutoka ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, iwe ni kwa tajiri au kwa maskini, kwa Muha au kwa Mrundi.

"Na wakiwa wasichana?" nikauliza.

"Hao hao."

"Mmoja msichana, mmoja mvulana?"

"Hao hao. Na anayezaliwa nyuma yao ni Chiza."

"Na mzazi akitaka jina lingine?"

"Atamwongezea la kanisani. Hilo la upacha mtoto anakuja nalo." Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye ukurasa huku anaongea. Kikafika kwa wa Josefina, kikasimama, na kicheko kikaisha. "Huyu Butoyi alikuwa chini ya mstari hata kabla sijaondoka. Una habari yake?"

Sikuwa nayo. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, na wajukuu wa babu mmoja wanaweza kujaza darasa zima kwa jina moja. Ningekuja kufuta watoto huko nyumbani Kondoa kwa sababu wako akina Athumani watano? Nisingeweza. Lakini mgeni anadhani ya kwake ni desturi na ya mwenzake ni hila.

Tulikwenda siku ile ile kwa baiskeli, Felista nyuma amepakata mizani, mimi nimefunga unga mbele. Njiani akaniambia jambo ambalo lilinimaliza. Josefina aliletwa Tanzania mgongoni mwa mama yake, wakati wa vita vya zamani vya Warundi, na hajawahi kuwa na karatasi yoyote. Mtu wa namna hiyo ukimtajia ofisi, hasikii ofisi. Anasikia gari la kumrudisha alikokimbia.

Tukampitia Mama Bukuru wa bondeni atuonyeshe njia. Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Ndiyo unakuja?" akasema. "Mwenzangu ameshafunga mizigo. Kesho anakwenda kambini. Anasema kule wanapima unga kwa kichwa, hawaulizi mtoto ni wa nani."

Bibi, akiingia kambini anaandikwa kuwa mgeni wa jana. Nyumba yake, shamba lake la muhogo ambalo halijavunwa, vyote nyuma. Na kutoka humo si kwa hiari ya mtu. Mume wake alikuwa amekwenda mbali kutafuta kibarua, angerudi akute mlango umefungwa. Yote hayo kwa kalamu yangu.

Tulimkuta amekaa mlangoni, vifurushi viwili vya kanga pembeni, watoto mapajani. Nikapiga magoti, nikakutanisha viganja nikapiga makofi taratibu kama ninavyowaona wao. Hakunicheka. Akauliza, "Umekuja kunipeleka ofisini?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Nilikosea."

"Daftari lako lilisema hawa si wangu. Leo linasema nini?"

Felista akaniokoa, akatundika mizani kwenye boriti ya nyumba. Tukampima Butoyi. Alikuwa chini sana ya mstari, mikono imekuwa vijiti, hakuwa hata na nguvu ya kulia, na mtoto asiyelia kwenye ndoano ile anatisha kuliko anayelia. Tukampima Bukuru. Yeye alikuwa juu ya mstari, juu kidogo tu. Kanuni inajulikana: wa chini anapewa, wa juu hapewi. Nikampa Josefina mfuko mmoja.

Akausukuma ukarudi kwangu. "Mmoja sichukui, bwana."

Ingekuwa wiki chache nyuma ningemwona ana kiburi, mtoto anakufa njaa na yeye anachagua. Safari hii niliuliza. "Kwa nini, mama?"

"Mapacha wanapewa sawa. Nguo sawa, ziwa sawa, chakula sawa. Ukimpa huyu ukamnyima huyu, umemwambia mmoja aondoke duniani." Akawashika wote wawili miguu. "Mimi simwambii mtoto wangu aondoke."

Felista akageuka akatazama migomba. Alikuwa amekulia katika mila hiyo hiyo, hakuhitaji kutafsiriwa.

Baba mdogo, hapa sogea karibu na Bibi, usisome kwa sauti ya mnadani. Nikasema labda mizani imekwama, tumpime Bukuru tena. Nikamning'iniza. Nikaweka kidole chini ya ile kaptula, kidole kimoja tu, nikakiinua kidogo. Mshale ukashuka, uzito ukawa chini ya mstari. Nikaandika nilichokisoma. Felista akachungulia daftari, akasema, "Karani, leo mwandiko wako umenyooka." Nikampa Josefina mfuko wa pili.

Aliniwekea Bukuru mikononi, akakivuta kifurushi kimoja, akakifungua fundo kwa meno. Akatoa sufuria. Akaingia ndani kuwasha moto.

Jumatano mbili zimepita na Josefina yupo. Butoyi sasa analia kwenye mizani vizuri kabisa, sijapata kufurahia kelele namna ile. Wengine niliowafuta nimewarudisha mmoja mmoja, na kila mama nimemwomba radhi mbele ya foleni, maana mbele ya foleni ndipo nilipowaaibisha. Siku hizi nikiita "Mama Bukuru!" wanainuka watatu, na wanawake wanacheka mpaka kazi inasimama.

Lakini Bukuru wa Josefina naye ananenepa, na kila nikimpima natakiwa kuchagua upya kuongopa au kumnyima mama yake. Nimechoka kuchagua. Kwa hiyo jana nimemwandikia msimamizi. Nimeeleza jinsi nilivyofuta watu wasio na kosa. Nimeeleza kwamba huku pacha mmoja akiwa chini ya mstari wapewe wote wawili, la sivyo mama hachukui hata mfuko mmoja. Na nimeeleza habari ya kidole. Felista alinisihi kidole nisikitaje. Nikamwambia Josefina alisema kweli nikamwita mwongo, sasa mimi siwezi kusema uongo nikaitwa mkweli. Barua hiyo inatoka na posta moja na hii yako. Inawezekana wakabadilisha kanuni, inawezekana wakanifukuza kazi. Naogopa, Bibi, sikufichi.

Nisalimie Mama mkubwa, mpika pombe aliyeacha pombe, na mumewe fundi cherehani. Shangazi mwambie dagaa wake nimempa dereva wa lori anayepita Dodoma, asimruhusu mtu yeyote kuonja kwanza. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani mpe salamu na aniombee dua. Mke wa Baba mdogo, ambaye nasikia anakaribia kujifungua, mwambie akizaa wawili asihangaike na majina, nitamwazima ya huku.

Na wewe niombee. Wakinifukuza nitarudi Kondoa nina aibu moja, ya wale watoto niliowafuta. Ya kidole, Bibi, nimeitafuta moyoni mwangu kwa siku nyingi, sijaiona.

Ni mimi mume wako asiyekuoa,
Athumani