Motoka ya Jua na Kikwembe Yako ya Kijani

Mama Yumba,

Weye ulikuwa unasemaka mukono yangu haijue kuandika, inajua paka kushika nyundo. Angalia sasa! Barua nzima, miye mwenyewe, na mistari yote inaenda sawasawa. Karibu yote.

Nakuandikia mbele muntu mwingine afike kule na kukuambia bongo, uwongo mutupu. Niliendesha motoka ya jua. Ndiyo, miye. Cheka kwanza, nangojea.

Tangu tulikuzika, nilikuwa nashinda mu nyumba, rido ya dirisha imefungwa. Batoto bakisema, "Baba, toka kidogo," nafikiri banataka kuuza kitanda yangu. Unajua kichwa yangu. Hata weye, kila asubui ya baridi, uliweka biti mbili mbele ya mulango na kuita: "Muzee, kuya ku jua, mifupa ipate moto!" Miaka makumi ine nilikatala. Nilisema jua ni ya mijusi. Ukanywa chai yako peke yako, kiti yangu tupu pembeni.

Kiisha Feza, mujukuu yetu, mutoto ya Yumba, ule muke yangu mudogo (usianze wivu), akakuya kunikamata. Yee na benzake ba univesite, kule Kasapa, balitengeneza motoka yenye hainywe mafuta ya esanse. Juu yote ni pano ya kukamata jua, ndani batri, chini magurudumu sawa ya kinga, baiskeli. Alinilomba nichomelee bichuma. Angelomba nani mwingine? Mu Lubumbashi hii, fundi mwenye ananipita hajazaliwa, na mama yake pia bado.

Bon. Ile motoka inachukia uzito. Mbele ya mashindano, bakapima benye banataka kuiendesha ku mizani ya muuza makala ya kupikia. Batoto ba leo banakula bukari, ile ugali, sawa banajenga nyumba! Nikapanda miye, paka kwa kucheka, kumbe njo miye mwepesi kupita bote. Weye uliniambia, "Siku moja nitakuanika pamoja na nguo, upepo itakubeba." Sawa. Ule wepesi njo ulinipa kazi.

Siku ya kushindana, motoka za jua zilikuwa tatu. Feza aliangalia kila gurudumu mara tatu. Mwalimu yao alishasema: motoka yenye haifike, chumba yake ya kazi inapewa bengine. Miaka mbili ya jasho, Mama Yumba, na yote iko mu mikono yangu.

Nusu ya njia, kila motoka inasimama kidogo, njo sheria. Jua kali! Miye najua kuheshimia motoka. Nikaiingiza chini ya muti, mu kivuli muzuri, nikaifunika na kikwembe yako ya kijani, ile nilibeba kwa baraka. Nikaketi pembeni, najisifu.

Feza akatokea mbio, anaita babu yake.

"Kambo! Unafanya nini?"

"Inapumzika."

"Inakufa njaa! Inakula jua, na weye umeifunika kinywa!"

Nilitaka kukatala. Unajua miye nakatalaka mbele ya kusikia. Lakini alisimama na mikono ku kiuno, sawa weye kabisa, na macho imejaa machozi. Nikatoa kikwembe. Tukasukuma motoka ku jua, tukasimama pale, tunangojea ishibe, bengine banaenda zao. Jua ikanipiga mu mugongo.

Mama Yumba... mifupa yangu ikapata moto.

Nikajipangusa macho. Feza alifikiri ni vumbi mu macho.

Kiisha nikaingia, motoka ikatembea, polepole, mpaka mwisho. Tulikuwa ba pili. Ya tatu iliharibika njiani, lakini ba pili ni ba pili, usisikilize bantu. Chumba ilibakia ya Feza.

Sasa kila asubui naweka biti mbili mbele ya mulango. Kikwembe yako iko ku kiti yako, nimeifua miye mwenyewe. Sisemi ulikuwa na haki. Nasema tu chai inakuwa tamu inje.

Na hii nakuahidi: kiti yangu haitabakia tupu tena. Ulale muzuri, mama. Jua ikitoka, ujue muzee yako ameshatoka pia.

Baba Yumba, shofere