Nilipinga Nyumba za Kiwanjani, Sasa Mwanangu Anahamia Brisbane

Mpendwa Bi Ngaire, naomba unisaidie kabla ya Pasaka, maana baada ya Pasaka binti yangu Philippa na mumewe Rawiri wanapanda ndege kwenda Brisbane, ng'ambo ya bahari, pamoja na wajukuu wangu wawili, na hawaendi kutembea, wanakwenda kuishi, wameshauza gari na makochi, na mimi nazungukazunguka ndani ya nyumba yenye vyumba vinne nikifungua milango na kuifunga bila sababu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mume wangu Neville alikuwa mfanyakazi wa posta, na nyumba hii ya mtaa wa Karoro tuliinunua tukiwa vijana kwa mshahara wa Neville peke yake, wakati huo mimi nimekaa nyumbani na mtoto mchanga, na wala hatukuona kwamba tumefanya jambo la ajabu, kila mtu alikuwa akifanya hivyo. Leo Philippa ni mkunga na Rawiri ni fundi umeme, wote wanafanya kazi mpaka wikendi, na hawawezi kununua hata banda la kuku. Minadani wameenda mpaka wamechoka, kila mara wanamlipa mkaguzi apande darini na kuingia chini ya sakafu ya nyumba ambayo siku ya mnada inachukuliwa na mtu asiyeonekana, anayetaja bei kwa simu, na wao wanarudi kwangu kula chakula cha mchana.

Nyumba wanayopanga sasa imelowa, Bi Ngaire, ukuta wa chumba cha watoto unaota ukungu mweusi, Philippa anaufuta kwa dawa na baada ya siku chache umerudi, mjukuu wangu mkubwa, Kiri, anakohoa tangu baridi inapoanza hadi inapokwisha, na mwenye nyumba akiambiwa anasema wafungue madirisha. Wameshahamishwa mara tatu, kila mara kwa sababu nyumba inauzwa. Nami nimemwandikia mbunge wetu, nikajibiwa kwa barua nzuri yenye nembo. Waziri mmoja alisema kwenye televisheni kwamba anataka nyumba ziwe nafuu kwa vijana lakini bei zisishuke, na sisi majirani tuliokuwa tumekaa sebuleni tukatikisa vichwa tukasema huyu ana busara, sasa nikifikiri sijui tulikuwa tunakubali nini. Serikali hii haifanyi kitu, na ile iliyopita haikufanya kitu, wanaunda tume, tume inaandika ripoti, ripoti inasubiri uchaguzi.

Kuna jambo jingine dogo, nalitaja tu ili upate picha kamili. Jirani na kwetu kuna kiwanja cha ile klabu ya wazee waliokuwa wakiviringisha matufe kwenye nyasi, klabu ilikufa, na shirika moja la makazi likaomba halmashauri ruhusa ya kujenga hapo nyumba za ghorofa kwa ajili ya familia zinazofanya kazi hapa mjini. Mtaa mzima tulishtuka. Jirani yetu Desmond akaunda kamati, tukaiita Marafiki wa Kiwanja, tukatundika mabango kwenye ua, na siku ya kikao mimi nilisimama mbele ya wajumbe nikasema kwamba ghorofa zile zitanifunikia jua la veranda majira yote ya baridi, kwamba mtaa wetu una sura yake na sura hiyo ni urithi, kwamba hatujui ni watu gani wataletwa kuishi pale, na mwishoni sauti ikanikatika nikalia kweli, sikuigiza. Tulishinda. Jumapili yake tukachoma nyama kwa Desmond, mimi nikatengeneza keki ya pavlova, na Philippa alikuja, akakata kipande kidogo, akaniambia, "Hongera, mama," kisha akaenda jikoni kuosha vyombo. Sikushtuka. Nilidhani amechoka na zamu.

Sasa mwezi uliopita alikuja kunisaidia jikoni, nikamwambia, "Mwanangu, subirini kidogo. Lazima serikali itafanya kitu."

Alikuwa akimenya viazi vitamu, hakuinua macho. "Serikali ipi, mama?"

"Si hii hii tuliyoichagua."

"Tulikuwa tumejiandikisha kupata moja ya zile za kiwanjani," akasema. "Ya chini, ya pembeni. Rawiri alishachagua na chumba cha Kiri. Dirisha lingetazama kwako."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Tulitaka uje ushangae siku tunahamia. Halafu tukakusikia kikaoni, tulikaa nyuma kabisa. Ulisema vizuri, mama. Watu walikupigia makofi."

Rawiri, aliyekuja naye siku hiyo na ambaye ni mtu wa mzaha, alijaribu kuokoa hali akasema, "Mama mkwe, usijitese bwana. Hata ungekaa kimya, Desmond peke yake anatosha kuangusha serikali." Philippa akaendelea kumenya viazi, na mimi nikatoka nje nikasimama kwenye veranda, jua lilikuwa linawaka vizuri tu.

Wanasema majuto ni mjukuu, Bi Ngaire, lakini mimi wajukuu wenyewe ndio wanaondoka.

Na sasa lile shirika limerudi na ramani mpya, nyumba chache zaidi na fupi zaidi, kikao kingine kimetangazwa, na Desmond amekuja juzi na kisanduku cha matunda ya feijoa kutoka mti wa uani kwake, akasema, "Jirani, tunakutegemea tena. Safari hii lia mapema kidogo, wale wajumbe ukiwalilia wanalegea." Desmond si mtu mbaya, Neville alipopata mshtuko wa moyo ni yeye aliyetupakia garini na kutukimbiza hospitali, na hajawahi kutukumbusha. Neville anasema ninyamaze tu, mtu akinyamaza hakosani na yeyote. Je, nimwambie nini Philippa ili aahirishe safari angalau mpaka mwakani, na je, ni waziri gani hasa niandikie ili jambo hili la nyumba lishughulikiwe, na je, ni vibaya nikimwambia Desmond kwamba siku ya kikao naumwa?

Ni mimi,
Mama wa Karoro

BI NGAIRE ANAJIBU

Mama wa Karoro, pole. Barua yako nimeisoma jikoni, nikaiweka, nikachemsha chai, nikaisoma tena. Nakuonea huruma, na huruma hiyo haitanizuia kukwambia ukweli, maana hukuniandikia ili nikupake mafuta.

Uliniuliza maswali matatu. Nianze na la waziri, kwa sababu ndilo lililonipandisha hasira. Wewe unatafuta waziri wa kumwandikia, na kikulacho ki nguoni mwako. Halmashauri ilikuita, ikakukalisha kitini, ikakuuliza unataka nini kifanyike. Ukasema kisifanyike kitu. Hakikufanyika kitu. Mama, katika nchi hii nzima sijui ni nani aliyesikilizwa na serikali yake vizuri kukushinda wewe.

Siiondolei serikali lawama, usije ukasema Bi Ngaire amenunuliwa. Wakubwa hao wamelala, na wanalala kwa makusudi. Wanajua mwenye nyumba hupiga kura kila uchaguzi kutoka anwani ile ile, na mpangaji anahamishwa mpaka barua yake ya kupigia kura, inayotumwa kwa posta, inafika kwa mtu mwingine. Wanajua kila jarida la mtaa linapoandika kwamba bei zimepanda, wenye nyumba wanafurahi moyoni huku mdomoni wakiwasikitikia vijana. Yule waziri wako hakusema upuuzi. Alisema mlichotaka kusikia, ndiyo maana mlitikisa vichwa. Mnataka nyumba za watoto wenu ziwe rahisi na zenu ziwe ghali, nazo ni nyumba zile zile.

Halafu ukaliita jambo la kiwanja "jambo dogo". Ukalifukia katikati ya barua, baada ya mbunge na nembo yake, ukitumaini nitalipita. Sikulipita, na wewe hukutaka nilipite, ungetaka nilipite usingeliandika kabisa.

Sasa sikiliza vizuri. Hukumtendea mwanao ubaya kwa kukusudia, hilo naliamini, wala sidhani Philippa anafikiri hivyo. Ulimtendea mtu usiyemjua. Ulisimama pale ukasema hujui ni watu gani wataletwa, na mtu huyo alikuwa amekaa nyuma kabisa na mumewe. Lakini hata asingekuwa Philippa, angekuwa mkunga mwingine, na mtoto mwingine anayekohoa. Kama unajuta kwa sababu tu aliyeumia ni wako, hayo si majuto bado, ni mkuki kwa nguruwe. Nenda hatua moja mbele.

Kuhusu safari, usimwombe aahirishe. Hata mara moja. Hana pa kuahirishia. Mwaka mmoja zaidi katika nyumba ile ni baridi moja zaidi kifuani mwa Kiri, na wewe unalijua hilo kwa sababu ndiwe uliyeniambia. Nenda kwake, mwombe radhi, sema maneno machache, na tafadhali usilie, kwa sababu ukilia itabidi yeye akubembeleze, naye ana masanduku ya kufunga. Ukimaliza kuomba radhi, muulize kazi gani imebaki, uifanye. Chukua watoto wote wawili mchana mzima wapumzike wazazi wao.

Kuhusu kuumwa, hapana. Una umri wa kusema uongo wa maana kuliko huo. Utakwenda kwa Desmond kabla ya kikao, kwa miguu yako, umwambie mlangoni kwake kwamba safari hii utasimama upande wa pili. Mtu aliyekimbiza mume wako hospitali hastahili kusikia habari hiyo ukumbini mbele za watu. Atakasirika. Huenda akaacha kukusalimia, na hilo litauma, kwa sababu ni rafiki wa kweli na rafiki wa kweli anaweza kukosea pia. Mwachie nafasi arudi mwenyewe. Na mumeo mwambie hivi: kwenye jambo kama hili, anayenyamaza amepiga kura ya Desmond.

Siku ya kikao sema jina lako na mtaa wako. Sema mara ya kwanza ulipinga, sasa unaunga mkono. Sema jua la veranda litapungua kweli, na kwamba umelifikiria hilo na umekubali. Wajumbe wamezoea kusikia wenye nyumba wakieleza watakachopoteza, hawajazoea kumsikia mmoja akisema yuko tayari kukipoteza. Safari hii usilie hata kidogo. Machozi yako yalishafanya kazi pale, na umeona kazi yenyewe.

Na usijidanganye. Ukishinda, nyumba zile hazitakuwa za Philippa. Kutoka kikao mpaka matofali ni miaka, na kufikia wakati huo watoto watakuwa na shule kule, na marafiki, na lafudhi. Ile ya chini, ya pembeni, atapewa mtu mwingine. Dirishani utamwona mtoto wa mtu mwingine akivuta pazia asubuhi. Nenda hata hivyo. Nenda hasa kwa sababu hiyo.

Mwanangu mimi yuko Perth, katika nchi ile ile wanayokwenda wako. Aliondoka kwa sababu hizi hizi, na sikuwahi kusimama katika kikao chochote, si kupinga wala kuunga mkono, nilikuwa najishughulisha na mambo yangu. Nilipowatembelea mwaka jana, mjukuu wangu mdogo alijificha nyuma ya mama yake, akachungulia, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mbona Bibi ana miguu?" Hajawahi kuniona zaidi ya uso kwenye simu.

Kikao chako ni lini, hukuniandikia. Angalia tarehe leo.