Hatuna Mtu Kigali

Jumatatu, 13 Oktoba

Saa mbili, kompyuta wazi, uji unapoa. Kurasa kumi na nne za maelezo ya dawa, nizitafsiri kwa Kiswahili kabla ya mchana. Bosi yuko Ulaya. Nimemwandikia tena kuhusu barua. Uhamiaji wanataka mbili: ya mwajiri na ya mkuu wa mudugudu, yaani mtaa. Kibali changu cha kuishi hapa kinaisha tarehe 31. Mistari mitatu tu naomba, wiki ya tatu sasa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Bosi hajajibu. Kazi lakini zinaletwa, hizo hazisahauliki.

Nimekwenda kwa Mzee Damascène, mkuu wa mudugudu wetu hapa Niboye, Kigali. Akafungua daftari la umuganda, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, akateremsha kidole. Miezi mitano, jina langu halimo.

"Weye dada, kila mwisho wa mwezi watu iko na majembe, weye iko ndani. Nitaandika nakujua namna gani?"

Nimeona haya. Halafu hasira. Kila Jumamosi ya mwisho bosi huweka kikao saa tatu, nami hujifungia na kushusha pazia, nikijiona nina kazi kubwa kuliko mifereji ya watu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mwanangu Zawadi karudi na wimbo wa Kinyarwanda. Miaka sita, ndiyo kwanza ameacha kulia akienda shule. Nikikosa kibali tunarudi Bukoba, kwenye mtandao wa kukatikakatika, na mwanangu anaanza upya. Nimeandika mara ya nne. Vidole vinakosea herufi kwa hasira.

Ijumaa, 24 Oktoba

Bosi amejibu. Kampuni haina mtu Kigali, nisitaje jina lao popote. Chini yake, mwaliko wa kikao cha kesho saa tatu.

Miaka miwili nawatumikia. Shukrani ya punda mateke. Nimejichukia zaidi yao.

Nimeazima jembe kwa mama mwenye nyumba.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mfereji wa barabara ya chini. Udongo mzito, malengelenge mawili. Saa tatu simu ilitetemeka mfukoni mpaka ikachoka.

Baada ya kazi tukaketi kwenye majani kwa mkutano. Mzee Damascène akasoma majina. Langu la mwisho, wino mbichi.

"Neema iko?"

Mama mwenye nyumba akaniwahi. "Iko."

Mzee amekubali kuniandikia barua, nitaichukua Jumatatu. Uhamiaji nitakwenda na hiyo moja, niseme ukweli. Ya bosi siiombi tena.

Zawadi amenisaidia kuosha jembe.