Wageni Kutoka Lusaka

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo

Dada Benedikta,

Shikamoo. Huku tunaendelea, ila miguu yangu imechoka kabisa. Rafiki yangu Stella, yule aliyeolewa Zambia, alikuja kutembea na mumewe na binti zao, wakafikia kwetu. Walitaka kuona kila kitu: makumbusho, feri, bahari, hadi Jangwani kwenye makao ya Yanga. Niliwaachia chumba, mimi na Melkiori tukalala sebuleni.

Juzi nilibaki kupika, Melkiori akawapeleka Mnazi Mmoja. Unamjua shemeji yako, duka lake liko mtaa huu tangu ujana wake. Walichelewa, na waliporudi Stella ndiye aliyetangulia, simu mkononi, akifuata ramani. Akanivuta jikoni.

"Candida, mumeo alisimama njiani akaniuliza nyumbani ni wapi. Nilidhani ananitania, mpaka nilipoona analia."

Nikamwambia ni joto la Dar. Dada, si joto. Ilianza Pasaka, na sijamwambia mtu.

Wageni wameondoka leo asubuhi. Nilikuwa nakunja mashuka yao, Melkiori akaja kunikaribisha chai, kwa adabu sana.

"Na wewe, mama, basi lako linaondoka lini?"

"Mimi sina safari, baba Lucky. Nakaa hapa hapa."

Akafurahi kweli, akanivutia kiti, akanimiminia chai mwenyewe.

Njoo, dada, ukipata nafasi. Peke yangu siwezi.

Mdogo wako,
Candida