Wivu Wangu kwa Wakazakhi

Salma mjukuu wangu, mimi ndiye niliyewafundisha hao Wakazakhi kuimba! Haya, uwongo. Niliwapangia viti tu walipokuja kutumbuiza hapa Matrah, Oman, wakati huo wakiwa ndio kwanza wametoka mikononi mwa Warusi. Bibi yako mzima, anakusalimu.

Waniuliza kwa nini wenzako wa Kikazakhi huko uliko Almaty wanajifunza nyimbo za bibi zao ukubwani. Siku ile, vijana waliosomeshwa Kirusi waliimba Kikazakhi wakichungulia maneno waliyoandika viganjani, wala hawakuona haya. Niliwaonea wivu. Sisi tuliohamia Oman kutoka Unguja tulikuwa tukinong'ona Kiswahili sokoni, tusije tukaambiwa si Waomani.

Papo hapo kwenye onyesho nikamwita bibi yako kwa Kiswahili, kwa sauti, watu wakageuka. "Punguza sauti, we mzee," akasema. "Halafu niite tena."

Nimekubeba sana mgongoni, hujanilipa. Nipigie simu Ijumaa, dirisha lako wazi, uniimbie wimbo wa Unguja, nao Wakazakhi waone wivu.

Babu yako